Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuongeza Ruta ya Pili Nyumbani

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba shida yako ni mawimbi kutofika, wala si intaneti yenyewe kuwa ndogo. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya upime kasi. Kisha pima kwa waifai ukiwa karibu na ruta, na mwisho upime ukiwa kwenye chumba kinacholalamikiwa. Kama hata kwenye waya kasi ni duni, ruta ya pili haitakusaidia kitu. Hilo ni la kuzungumza na anayekuuzia intaneti. Kama kwenye waya mambo ni mazuri ila chumbani kasi inaporomoka, basi tatizo ni la mawimbi na lina dawa.

Nguvu ya mawimbi ipime kwa namba. Vile vipau vya kwenye simu havitoshi, maana kila simu huvichora kwa namna yake. Zipo programu za bure zinazoonyesha kipimo cha dBm, ambacho huandikwa kwa alama ya kutoa: namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Karibu na ruta utaona kama -40. Kwenye -67 simu ya video bado inakwenda vizuri. Ukifika -80, tegemea kukatikakatika. Zunguka nyumba nzima, milango ikiwa imefungwa kama inavyofungwa usiku, uandike namba ya kila chumba. Mara nyingine namba hizo zitakuonyesha kwamba huhitaji kifaa kipya. Ruta iliyosukumwa nyuma ya televisheni au kufungiwa kabatini, ukiihamishia sehemu ya katikati na kuiweka juu, huweza kufika vyumba ambavyo haikuwa ikivifikia. Anza na hilo, kwa kuwa ni bure.

Kuta nazo zina lake. Mbao na jipsamu hazina shida kubwa. Zege lenye nondo, mabati, vioo vikubwa na matangi ya maji ndivyo vinavyoyaua mawimbi. Masafa ya redio ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ya gigahezi 5, lakini yana msongamano wa majirani, bluutuuthi na hata maikrowevu ya jikoni. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi ila huchoka mapema.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni huu: kifaa cha pili kitapata intaneti kwa njia gani kutoka kwenye cha kwanza? Kama kuna uwezekano wowote wa kupitisha waya, pitisha waya. Nasema hivyo bila kusita. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida inayozidi umbali huo. Ununue ulio wa shaba tupu, kwani upo wa bei rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba tu. Sehemu itakayopita nje ya nyumba inahitaji waya wenye ganda la kuhimili jua na mvua.

Waya ukishindikana ndipo ufikirie ripita, yaani kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya. Ripita yenye redio moja hupokea na kurusha kwa redio hiyohiyo, kwa hiyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Kosa linaloonekana sana ni kuiweka ndani ya chumba kisicho na mawimbi. Haiwezi kugawa kisichoifikia; iweke katikati ya njia, mahali ambapo namba zako bado ni nzuri. Vifaa vya meshi, yaani seti ya vifaa vinavyoshirikiana kurusha waifai moja, hufanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi, hasa vyenye redio ya tatu iliyotengwa kwa mazungumzo yao wenyewe. Navyo pia vikiunganishwa kwa waya huwa bora zaidi.

Pengine una ruta ya zamani unayotaka kuitumia. Ni wazo zuri, lakini irekebishe mipangilio yake kabla ya kuiunganisha na mtandao. Angalia kwanza kama ina chaguo la kuigeuza kuwa akses pointi, yaani kifaa cha kurusha waifai tu, kazi nyingine zikibaki kwa ruta kuu. Ikiwa nalo, kazi imekwisha nusu. Kama haina, iunganishe na kompyuta peke yake, uipe anwani (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) isiyogongana na ya ruta kuu. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawia vifaa anwani kuanzia 192.168.1.100, hii ya pili ipe 192.168.1.2. Kisha zima DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani. Nyumba iwe na mgawaji mmoja tu. Wakiwa wawili, simu moja itapata intaneti na nyingine itazunguka bila kufika popote, na utahangaika kutafuta chanzo. Mwisho, waya unaotoka ruta kuu uchomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta hii, usiuchomeke kwenye lile la WAN (la kuingizia intaneti). Ukitumia la WAN, utakuwa umezaa mtandao wa pili ndani ya wa kwanza, na simu iliyo huku haitaiona printa iliyo kule.

Kabla ya kuitumia ruta hiyo, hakikisha inakubali usalama wa WPA2 au WPA3, na kwamba mtengenezaji bado anaitolea masasisho. Kama mwisho wake ni WEP, iache, maana ulinzi huo ulivunjwa zamani.

Jina la waifai, nenosiri na aina ya usalama viwe sawa kwenye vifaa vyote viwili ili simu ihame bila kukuuliza. Ujue lakini kwamba simu ndiyo inayoamua lini ihame, na nyingine hung'ang'ania kifaa cha mbali hata ukiwa umesimama chini ya cha karibu. Kupunguza nguvu ya kurushia husaidia hapo. Chaneli, yaani vijia vidogo ndani ya masafa, ndizo zitofautiane: kwenye gigahezi 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.

Kagua kama kuna soketi ya umeme pale unapokusudia. Kama haipo, tafuta akses pointi inayopokea umeme kupitia waya uleule wa mtandao.

Usitoboe ukuta siku hiyohiyo. Laza waya sakafuni kwa muda, watu wautumie mtandao kama kawaida, upime tena kila chumba, usogeze kifaa kama inabidi. Ukiridhika, pitisha waya kwanza ndipo ubane kichwa chake; tundu litakuwa dogo, na ukuta hautachimbika sana.