Kupandisha kilima kwa ajili ya afya: mpango wa wiki sita kwa wakazi wa Mbeya

Mbeya mjini pako takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Loleza inapanda karibu mita elfu moja zaidi nyuma ya mji. Mwinuko wa mazoezi uko mwisho wa mtaa, bure. Wanaoshindwa huwa hawashindwi na kilima, bali na haraka ya wiki ya kwanza: magoti yanauma, wanaacha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kilima kinafanyisha kazi moyo na mapaja kwa pamoja. Kuhusu kuwa nje, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2019, wa watu karibu 20,000, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walieleza afya njema zaidi kuliko wasiokwenda kabisa, iwe kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, lakini dakika 120 ni lengo zuri la kuanzia.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Nenda zahanati upime presha na sukari. Presha ikifika 180 kwa 110, au kifua kikikubana unapotembea, muone daktari kabla ya kuanza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, kwa sababu hewa baridi na kavu ya Juni na Julai hubana mirija. Anayetumia insulini abebe kitu cha sukari mfukoni.

Hatua ya 2: Chagua njia na mavazi

Tafuta mwinuko wa dakika kumi hivi, wa udongo au nyasi, kwenye njia wanayopita watu wa mashambani. Chini ya milingoti (mikaratusi) angalia majani makavu: yanateleza kama sabuni.

Vaa fulana nyepesi, sweta juu yake, na koti la mvua kiunoni. Vua sweta kabla hujaanza kutoka jasho, maana ukilowa ndani, upepo wa kileleni utakupoza ghafla. Raba ziwe na meno, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja. Zikibana, kucha zitakuwa nyeusi kwa kushuka. Kofia usiache hata kukiwa na mawingu: makali ya jua huongezeka kama asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Hatua ya 3: Ratiba

Kila siku anza na dakika 10 tambarare.

Wiki ya 1 na 2: siku tatu, dakika 20 za kupanda na kushuka.
Wiki ya 3 na 4: siku nne, dakika 30.
Wiki ya 5 na 6: siku tatu za dakika 30, na Jumamosi moja ndefu ya dakika 90.

Maji nusu lita kwa kila saa. Siku ndefu, ongeza karanga au kiazi kitamu cha kuchemsha.

Hatua ya 4: Kupanda

Hatua fupi, unyayo wote chini. Kipimo ni mdomo wako: uweze kuongea sentensi nzima, ila usiweze kuimba. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo, usisimame ghafla. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam asijilaumu. Kwa kimo hiki kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Ajipe wiki nzima ya mwendo wa polepole.

Hatua ya 5: Kushuka

Hapa ndipo watu wanapoumia. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inavuta breki huku ikirefuka, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Ndiyo maana maumivu huja kesho yake, yakakolea siku ya pili, kisha yakaisha yenyewe. Maumivu makali mbele ya goti ni jambo jingine: mara nyingi umekuwa ukinyoosha mguu na kugonga kisigino. Kunja magoti kidogo, fupisha hatua, shuka kwa mshazari, ushike fimbo. Yasipopungua kwa siku tatu, tembea tambarare wiki nzima.

Hatua ya 6: Hali ya hewa

Kuanzia Novemba hadi Aprili nenda asubuhi, kwani radi nyingi huja mchana. Ukisikia ngurumo ya kwanza, shuka. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Majira ya kuchoma nyika, moshi ukitanda bondeni, ahirisha: ukihema kwa nguvu unavuta moshi mwingi zaidi.

Baada ya wiki ya sita, Ziwa Ngosi, lililo ndani ya kreta ya volkano, linafaa kwa safari ndefu. Njia inapita msituni, yenye tope, na kipande cha mwisho kabla ya ukingo ni kikali. Nenda na mwongozaji, anza saa 2 asubuhi, na mwachie mtu wa nyumbani saa mtakayorudi.