Somo: Kuunda mfano mdogo wa chombo cha baharini, wako wa kwanza wa mbao, kutoka kwenye seti ya vipande vilivyokatwa tayari

Anayeanza huvutiwa na boksi lenye picha ya merikebu ya milingoti mitatu na mizinga ubavuni. Liache kwanza. Chukua chombo cha mlingoti mmoja au miwili, na uangalie kipimo kabla hujalipa. Skuna (chombo cha tanga cha milingoti miwili) ya Kanada iitwayo Bluenose, iliyoshushwa majini mwaka 1921, ilikuwa na urefu wa mita 43 na ushei: kwa kipimo cha 1:100 utapata sentimita 43 hivi, kwa 1:64 inafika 68. Tafuta pia seti yenye tabaka mbili za mbao. Ile ya kwanza itafunikwa, kwa hiyo mkono unajifunza bila kuharibu sura.

Hatua ya 1. Soma mchoro wote. Andika namba kwa penseli kwenye kila kipande kabla hujakibandua kwenye ubao wake.

Hatua ya 2. Pachika mataruma (mbavu za chombo) kwenye mkuku (uti wake wa chini) bila gundi, upime kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, kama yamesimama wima. Yakikubali, tia gundi nyeupe ya mbao na uache hadi kesho.

Hatua ya 3. Hapa ndipo umbo linapopatikana au kupotea, nami nawasihi msiiharakishe. Mataruma ya omo (mbele) na tezi (nyuma) yana kingo za mraba, ilhali mbao hupita juu yake kwa mshazari. Bandika msasa namba 120 kwenye kijiti kirefu, usugue mataruma matatu manne kwa pamoja. Kisha laza ubao mmoja kutoka omo hadi tezi. Ubao ukigusa ncha tu ya taruma, au ukiona mwanga chini yake, sugua tena. Kasoro nyingi ambazo watu huzilaumu mbao zilianzia hapa.

Hatua ya 4. Loweka mbao nusu saa, uzikunje taratibu. Anzia usawa wa sitaha, na kila ukiweka ubao kulia, weka mwenzake kushoto, la sivyo mkuku utapinda. Mbao lazima zipunguzwe upana kuelekea omo, na hesabu yake ni hii: ukingo wa taruma la katikati, kutoka sitaha hadi mkuku, ukiwa na milimita 80 na ubao wako una upana wa 5, unahitaji mbao 16. Taruma la omo likiwa na 48, gawa kwa 16: kila ubao uchongwe hadi milimita 3 pale. Ukipata chini ya nusu ya upana, usichonge zaidi. Ubao mmoja uishie njiani.

Hatua ya 5. Ziba mianya, piga msasa, weka tabaka ya pili, halafu vanishi. Milingoti na kamba huja mwisho. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki usitoe manyoya, na ufunge kamba za kushikilia mlingoti kabla ya zile za kuvutia tanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo fundi. Naweza kutumia supa glu kote?
Jibu: Marahaba mwanangu. Itumie kwa tone moja kushikilia ncha ya ubao. Kwenye mataruma hapana, kwani haikupi nafasi ya kurekebisha.

Swali: Mbao zangu zinavunjika omo.
Jibu: Ziloweke zaidi, uzikunje kwenye chupa yenye maji ya moto, na uzifunge hapo hadi zikauke.

Swali: Mimi ni wa Lamu. Naweza kuunda jahazi letu bila seti?
Jibu: Naam ndugu yangu, na ningefurahi sana kuliona. Kamba zake ni chache kuliko za skuna. Mtepe, kile chombo cha kale cha pwani yetu, usubiri: mbao zake zilishonwa kwa kamba za kumbi kabla ya mataruma kuingia, kwa hiyo hatua hizi zingegeuka. Tafuta jahazi lililopandishwa pwani, umwombe nahodha ruhusa, upime mkuku, upana wa katikati, mlingoti na foromali (mti unaoshika tanga). Gawa kila kipimo kwa 50, uanze kuchora mataruma kwenye plaiwudi.