Leseni ya mwamuzi wa chesi: anzia kwenye shirikisho

Wengi huuliza bei kabla ya kuuliza njia. Tutenganishe kwanza cheo na leseni. Cheo hupatikana kwa kazi na mtihani. Leseni ni ruhusa ya kukitumia. Tangu 1 Januari 2013, kila mwamuzi wa mashindano yanayohesabiwa kwenye viwango vya FIDE, chombo cha kimataifa cha chesi, lazima awe na leseni.

Hatua ya 1. Jitambulishe kwa shirikisho la chesi la nchi yako. Ndilo linalotoa cheo cha mwamuzi wa taifa.

Hatua ya 2. Simamia mashindano, hata kwa kuzungukia meza tu. Ili uwe Mwamuzi wa FIDE unahitaji nomu, yaani vyeti vinavyothibitisha kazi uliyofanya. Mojawapo hutokana na semina ya waamuzi, na mtihani wake lazima upate angalau asilimia 80. Soma sana vipengele vya saa, hatua zisizo halali na madai ya sare. Hayo ndiyo mambo ambayo mchezaji atakujia nayo amefura.

Hatua ya 3. Maombi hutumwa na shirikisho, na ankara ya FIDE huenda kwa shirikisho pia. Mtu akikwambia umtumie pesa mkononi "akuharakishie", dai risiti ya shirikisho. Asipokuwa nayo, achana naye.

Ada za leseni zilipangwa hivi: mwamuzi wa taifa yuro 20, Mwamuzi wa FIDE 120, Mwamuzi wa Kimataifa 160, daraja B 200, daraja A 300 (A na B ni madaraja ya juu ya waamuzi). Kabla ya kulipa, linganisha na jedwali la sasa katika kanuni za FIDE.

MASWALI YA WANACHAMA

Nikipanda daraja nalipa upya yote?
Hapana, unalipa tofauti tu. Kutoka B kwenda A ni yuro 100.

Leseni inaisha lini?
Haina tarehe ya mwisho mradi uendelee kufanya kazi. Ukikaa miaka miwili bila kusimamia mashindano, unahesabiwa umelala na leseni inasimama. Cheo unabaki nacho.

Mwalimu, mimi ni mchezaji mkali. Mtihani wa nini tena?
Ukali wako ubaoni hauingii kwenye hesabu. Utafanya mtihani kama wenzako.

Na mashindano ya klabu yasiyohesabiwa?
Hayahitaji leseni ya FIDE. Anayeanza ajifunzie huko.