Namna ya kupandishwa daraja la chumba kwenye meli ya kitalii, na wakati unaofaa kukataa

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wateja ninaowakatia safari za meli za kitalii ni hili: mtu aliyelipia chumba cha ndani kisicho na dirisha afanye nini ili alale kwenye chumba chenye roshani? Wengi huamini kwamba siri ni kuvaa vizuri siku ya kupanda meli, au kumnong'oneza karani kwamba wako kwenye fungate. Katika muda wote niliofanya kazi ya uwakala sijaona fungate ikimpandisha mtu daraja. Nilichoona ni keki ndogo iliyoletwa mezani. Kampuni humpandisha mgeni kwa sababu inakihitaji chumba anachokiacha, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Fahamu kampuni inavyohesabu vyumba

Meli nyingi zina madaraja manne ya vyumba: vya ndani, vyenye dirisha, vyenye roshani, na vile vikubwa vya hadhi ya juu vyenye sebule. Nauli inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya chumba cha ndani, na wateja wa dakika za mwisho huulizia hicho kwanza. Chumba kinachoondoka bandarini kikiwa kitupu ni hasara isiyofidika, kwa kuwa kampuni hupoteza nauli pamoja na fedha ambazo mgeni angezitumia akiwa safarini kwa vinywaji, kasino na matembezi ya bandarini. Ndiyo maana kampuni hujitahidi meli ijae kabisa, na kwa kuwa katika biashara hii asilimia 100 huhesabiwa kwa watu wawili kila chumba, meli yenye familia nyingi huweza kuvuka kiwango hicho.

Sasa chukulia kwamba vyumba vya ndani vimekwisha na vya roshani vimebaki 30. Kampuni ikiteremsha hadharani bei ya roshani, wale waliolipa bei kamili watalalamika. Ni nafuu kwake kumwendea kimya kimya mgeni wa chumba cha ndani, kumtoza kiasi kidogo ili ahamie kwenye roshani, kisha kukiuza chumba chake kwa mteja mpya. Mara nyingi huwa ni mnyororo: wa roshani anakwenda kwenye chumba chenye sebule, wa dirisha anachukua roshani, na mwisho wa mnyororo hubaki chumba cha bei ya chini ambacho hakikosi mnunuzi. Kwa hiyo, unapotaka kujua nafasi yako ikoje, fungua ukurasa wa kuuzia safari hiyo hiyo uone ni daraja gani limekwisha na lipi bado lipo kwa wingi. Ikiwa daraja lako limekwisha na la juu yake limejaa vyumba vitupu, umekaa pazuri. Ikiwa hali ni kinyume chake, hakuna ujanja utakaosaidia.

Msimu nao una uzito. Wakati wa likizo za shule vyumba hujaa mapema, ilhali safari za kuhamisha meli, kama zile zinazovuka Atlantiki katika majira ya kuchipua kutoka Karibi kwenda Mediterania na kurudi wakati wa vuli, huwa na nafasi zaidi. Tena, chumba kuwa kitupu hakumaanishi kwamba mnaweza kukihamia. Kila eneo la meli lina kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura, na idadi ya watu inayoruhusiwa hapo hufungwa na nafasi za mashua za uokoaji. Familia ya watu wanne inaweza kunyimwa chumba chenye vitanda vinne kwa sababu hiyo peke yake.

Hatua ya 2: Panga mambo yako siku ya kukata safari

Usikate chumba usichoweza kukivumilia kwa matumaini kwamba utapandishwa. Kanuni hii nimeirudia mara nyingi kwa wateja, na wanaoipuuza ndio hao hao wanaonipigia simu wakiwa bandarini. Iwapo mtu wa safari yenu hawezi kulala bila kuona mwanga wa mchana, nunueni dirisha tangu mwanzo.

Kuna nauli ya daraja lililohakikishwa, ambapo unalipia daraja na kampuni inakuchagulia namba ya chumba baadaye, wakati mwingine siku chache kabla ya safari. Wengi huichukua wakidhani ni njia ya mkato ya kupanda juu. Kinachohakikishwa ni kwamba hutashuka chini ya daraja ulilolipia. Kupanda hutokea, lakini mara nyingi zaidi utapewa chumba ambacho wengine walikikwepa walipokuwa wakichagua wenyewe.

Hakikisha pia kwamba anwani ya barua pepe iliyo kwenye hifadhi ya safari, yaani kumbukumbu za nafasi uliyokata, ni yako. Kuna mawakala huandika anwani ya ofisi, na ofa za kupandishwa daraja huishia huko bila mgeni kujua. Na kama umechagua chumba fulani kwa sababu maalumu, kwa mfano kiko jirani na cha wazazi wako wazee, omba iandikwe kwenye hifadhi kwamba usihamishwe bila idhini yako. Maelezo hayo yasipokuwepo, kampuni inaweza kukuhamisha bila malipo na kuamini kwamba imekufurahisha.

Hatua ya 3: Angalia bei upya kabla ya malipo ya mwisho

Hatua hii huleta faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Malipo ya mwisho kwa kawaida hudaiwa kati ya siku 75 na 120 kabla ya safari, kulingana na kampuni na urefu wa safari. Kabla ya tarehe hiyo bei hupanda na kushuka, na nauli nyingi huruhusu kubadilisha daraja kwa kulipa tofauti tu. Angalia kila wiki. Nimewahi kuwahamishia wateja kwenye roshani kwa kiasi kidogo kuliko ambacho wangetoa baadaye kwa dau, yaani bei ambayo mgeni huitaja mwenyewe akiomba kupandishwa daraja, na namba ya chumba wakaichagua wenyewe.

Tarehe hiyo inapopita, wale ambao hawakulipa huondolewa na vyumba vyao hurudi sokoni kwa pamoja. Hapo ndipo ofa huanza kumiminika.

Hatua ya 4: Toa dau ukiwa umeshapiga hesabu

Kampuni kadhaa zina mpango wa wageni kutoa dau mtandaoni ili wapandishwe daraja. Royal Caribbean huuita RoyalUp, Celebrity huuita MoveUp, na Norwegian huuita Upgrade Advantage. Unaonyeshwa madaraja yaliyo wazi, kiwango cha chini cha dau kwa kila daraja, na kipimo chenye rangi kinachodai kukueleza kama dau lako ni dhaifu au lina nguvu. Kipimo hicho usikiamini sana, kwani kimewekwa na muuzaji.

Kosa linalowagharimu watu ni kusahau kwamba dau huandikwa kwa kila mtu, kwa kuhesabu watu wawili wa kwanza katika chumba. Ukiandika dola 150, kadi yako itakatwa dola 300. Anayesafiri peke yake naye hutozwa kama wawili, na mteja wangu mmoja alilijua hilo baada ya dau kukubaliwa. Upande wa pili, mtu wa tatu na wa nne katika chumba hawaongezewi dau, kwa hiyo familia hupata nafuu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua bei ya leo ya daraja unalolitaka, toa ulicholipa, kisha linganisha tofauti hiyo na dau lako baada ya kulizidisha mara mbili. Dau likikaribia tofauti hiyo, acha. Utakuwa umelipa karibu bei kamili bila haki ya kuchagua chumba, kwa kuwa dau ni la daraja, na namba huchaguliwa na kampuni. Ongeza pia bakshishi ya kila siku, ambayo katika kampuni nyingi huwa juu zaidi kwa wageni wa vyumba vya hadhi ya juu. Uliza kama pointi za uanachama zitafuata daraja jipya au la zamani. Kwa RoyalUp, kwa mfano, hufuata lile ulilolikata mwanzoni.

Binafsi huwashauri wateja waanze karibu na kiwango cha chini, kisha wafuatilie vyumba vinavyobaki. Dau huweza kurekebishwa au kufutwa maadamu halijakubaliwa. Likikubaliwa, fedha hukatwa papo hapo na hazirudi. Jibu linaweza kuja wiki kadhaa kabla ya safari au siku moja au mbili kabla ya kung'oa nanga, kwa hiyo usitoe dau kwa fedha ulizozitenga kwa jambo jingine.

Hatua ya 5: Soma ramani ya sitaha kabla ya kusema ndiyo

Daraja la juu halimaanishi usingizi bora. Wateja wangu wawili walihamishwa kutoka chumba tulivu cha dirisha katikati ya meli hadi roshani iliyokuwa moja kwa moja chini ya sitaha ya bwawa, na kila alfajiri waliamshwa na viti vilivyokuwa vikiburutwa juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo angalia kilicho juu na kilicho chini ya vyumba vya daraja hilo: bwawa, jiko, ukumbi wa muziki. Vyumba vya omo, yaani mbele ya meli, husikia nanga ikishushwa asubuhi, vya tezi, yaani nyuma, huweza kutikiswa na mtambo, na vingine hutazamana na mashua ya uokoaji badala ya bahari. Anayesumbuliwa na mawimbi atulie katikati ya meli, sitaha za chini, hata kama roshani inatolewa bure. Ikiwa nusu ya vyumba vya daraja hilo viko mahali usipopataka, usitoe dau kabisa.

Hatua ya 6: Simu, na dawati la bandarini

Baadhi ya kampuni hupiga simu zikiwa na bei maalumu ya kuhamia juu. Tofauti na dau, hapa unaweza kuuliza namba ya chumba kabla ya kukubali, nawe uliza. Muuzaji akikuharakisha, mwombe dakika tano ufungue ramani.

Siku ya kupanda meli unaweza kuuliza kwenye dawati la huduma za wageni kama kuna nafasi ya kulipia. Jibu huwa hapana mara nyingi, kwa kuwa vyumba vimeshagawiwa, lakini kuuliza kwa adabu hakuna gharama.

Hatua ya 7: Ukishapandishwa

Chapisha upya pasi ya kupandia meli na vitambulisho vya mizigo, kwani vile vya awali vina namba ya chumba ulichokiacha, na begi lako litapelekwa huko. Ijulishe kampuni ya bima gharama mpya ya safari. Ikiwa hifadhi yenu imeunganishwa na ya ndugu au marafiki, waambie mapema kwamba hamko jirani tena, na uthibitishe kwa maandishi kwamba meza yenu ya chakula cha jioni bado ni moja.