Kukaba kwenye briji: soma karata ya mwenzako, halafu iamini

Kati ya watu wanne wanaokaa kwenye meza ya briji, mmoja ana mkataba, yaani ameahidi kula mizunguko kadhaa, mwenzake analaza karata zake mezani na kutulia, wawili waliobaki wanakaba, yaani wanajaribu kuuvunja. Ukipiga hesabu, nusu ya briji yako yote ni kukaba. Lakini wengi ninaowafundisha hapa Dodoma, hasa vijana waliohamia na wizara zao, wanakuja wakijua kunadi (kushindania mkataba) na kuucheza, halafu wakikaba kila mtu anakaba kivyake, kana kwamba aliyeketi mbele yake ni mpita njia. Mikataba ambayo ingevunjwa inapita hivihivi.

Tunacheza Jumamosi jioni barazani kwangu, Area C. Mwezi wa saba upepo ni mkali mno, karata za mezani tunazibana kwa vijiwe. Kabla ya kugawa, kila pea inapatana mambo matatu. La kwanza: mwenzako akianzisha aina fulani (shupaza, kopa, uru au pau), ukimtupia karata kubwa umemwambia endelea, ndogo umemwambia sina kitu huku. La pili: mwenye mkataba akianzisha yeye, kubwa kisha ndogo ina maana karata zako za aina hiyo ni idadi shufwa, ndogo kisha kubwa ni witiri. La tatu: ukimpa mwenzako karata akate kwa turufu, ile aina inayoshinda nyingine zote, ukubwa wa karata hiyo unamwambia arudishe aina gani. Hili la tatu linahusishwa na Mmarekani Hy Lavinthal, miaka ya 1930, na kwangu mimi hakuna ishara tamu kuliko hiyo.

Wapo wanaogeuza, ndogo ndiyo endelea. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni mmoja kucheza hivi na mwenzake vile.

Sasa tazama hii. Mpinzani ana mkataba wa shupaza nne, yaani shupaza ndiyo turufu na lazima ale mizunguko 10 kati ya 13. Ninyi mkila minne, umevunjika. Zamu ya kuanza ni yako. Mkononi una kopa nne: ree (karata ya A, kubwa kuliko zote), mfalme, saba na tano. Una pia ree ya pau. Unaanza na ree ya kopa. Karata za mezani zinalazwa, unaona malkia wa kopa, nane na tatu. Inachezwa tatu, mwenzako anatupa tisa, mwenye mkataba anatupa nne.

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Wanamwona malkia pale mezani, wanahofia kwamba wakimaliza ree na mfalme, malkia atakuwa mkubwa wa aina hiyo, basi wanahamia kwingine. Kijana mmoja aliniuliza, “Mwalimu, si nitakuwa nimemfungulia malkia njia?” Nikamwambia, “Njia ya kwenda wapi, mwanangu, na mwenzako anakata?”

Amini tisa. Cheza mfalme. Mwenzako anatupa mbili: tisa kisha mbili, kopa zimemwishia. Umebaki na saba na tano, na zote mbili zitampa nafasi ya kukata. Lakini usichomoe yoyote tu. Ukitoa turufu na kopa zenyewe, aina zilizobaki ni uru na pau, na uru ndiyo ya juu. Saba ingemwambia rudisha uru, tano inamwambia rudisha pau. Ree yako ni ya pau, kwa hiyo unacheza tano. Anakata kwa turufu yake ndogo, anarudisha pau bila kuhangaika, unakula na ree. Ree, mfalme, turufu ya mwenzako, ree ya pau: minne. Ungehama mapema, mwenye mkataba angezoa turufu zenu, na ninyi mngeishia na mitatu.

Ugumu unakuja pale karata inapokuwa ya katikati. Tuseme badala ya tisa mwenzako ametupa sita. Ni kubwa au ndogo? Usiitazame peke yake, tafuta zilizo chini yake. Tano unayo wewe, tatu ilikuwa mezani. Zimebaki nne na mbili. Kama mwenye mkataba ametupa jeki au kumi, hizo ndogo mbili ziko wapi? Huenda moja iko kwa mwenzako, na hapo sita ni “endelea”. Huenda pia mwenye mkataba anazificha makusudi ili akuvuruge, na mchezaji mzoefu hufanya hivyo hasa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayetoa ishara atupe karata kubwa kuliko zote anazoweza kuzikosa bila hasara. Una tisa, sita na mbili na unataka mwenzako aendelee? Tupa tisa, usimwachie kitendawili cha sita. Ila kama karata yenyewe ina uwezo wa kula mzunguko baadaye, iache.

Ishara ya idadi inafaa zaidi kwenye mkataba usio na turufu. Mezani kuna uru tano: mfalme, malkia, jeki, kumi, pamoja na ile tano, na hakuna njia nyingine ya kuingia upande huo. Wewe una ree, nane na nne. Tano na tatu ni nane, zimebaki tano kati ya mwenzako na mwenye mkataba. Mwenzako akitupa mbili kwanza, dalili ya witiri, na mnada ukaonyesha anazo tatu, basi mwenye mkataba ana mbili tu: kula na ree mzunguko wa pili. Akishusha tisa kisha tatu, ana mbili, na mwenye mkataba ana tatu: subiri hadi wa tatu. Ukiwahi mzunguko mmoja, umempa uru zote zilizobaki mezani. Ukichelewa mmoja, umempa wa bure. Hapa hisia hazina kazi, mwenye jibu ni mwenzako.

Kuamini si kutii. Karata ya mwenzako inakupa habari ya mkono wake, lakini yeye haoni wako. Akikuambia endelea na kopa, huku wewe mwenyewe unaona mizunguko yote minne mahali pengine na muda ni mdogo, fuata unachokiona. Vilevile hesabu pointi: ree nne, mfalme tatu, malkia mbili, jeki moja, jumla 40. Kama zako, za mezani na zile ambazo mwenye mkataba amezitangaza kwenye mnada zinafika 38, usimtarajie mwenzako awe na ree.

Na ishara ibaki kwenye karata. Vijiweni watu hukonyezana, lakini sheria za briji zinakataza kumpasha mwenzako habari kwa uso, kwa sauti au kwa kusitasita. Wapinzani nao wana haki ya kuuliza ishara zenu zina maana gani, na mnawajibu ukweli.

Zoezi ninalowapa wanaoanza ni hili. Chukueni kopa 13 peke yake. Tatu zilazwe mezani, wewe shika nne, sita zilizobaki wagawane mwenzako na mpinzani. Anzisha, kila mmoja atupe moja, halafu kabla ya mzunguko wa pili taja kwa sauti kopa unazodhani mwenzako amebaki nazo na sababu yako. Ndipo afunue. Changanyeni, mrudie. Ukishazoea kutafuta karata ndogo zilizojificha, ongezeni uru.