Kujaza Gesi ya AC Katika Gari la Zamani

Gesi ya AC haiishi kwa kutumika kama inavyoisha petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, ikigeuka kuwa kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na ikiwa imepungua maana yake imetoka mahali fulani. Katika gari lenye umri mkubwa kiasi kidogo hupenya taratibu kwenye mipira na oringi (pete za mpira za kuziba viungio) zilizokauka, na hilo huchukua miaka. Lakini gari linalohitaji kujazwa kila baada ya miezi michache linavuja, na kulijaza bila kuziba uvujaji huo ni kuimwaga gesi hewani kwa awamu.

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti usome kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari ya kabla ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuiondoa sokoni, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wengi walikuwa wamehamia R-134a. Kama kibandiko kimefutika, tazama nozeli za kujazia: za R-12 zina nyuzi za kufungia kwa kuzungusha, za R-134a hazina nyuzi kwa nje na hupokea kiungio cha kubana. Gesi hizi mbili hazichanganywi kamwe. Gari la R-12 linaweza kubadilishwa litumie R-134a, ila kazi hiyo inadai gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine badala ya kuachiwa hewani, draya (kichujio kinachonyonya unyevu) mpya, nozeli mpya na oili ya esta, kwa kuwa oili ya madini ya zamani haisafiri vizuri pamoja na R-134a. Uzito wa gesi mpya huwa kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito ulioandikwa kwa R-12. Gesi ya kupikia isitiwe humo hata kwa majaribio, kwa sababu ikivuja ndani ya gari cheche moja inatosha kuliwasha.

Hakikisha pia kwamba tatizo ni gesi kweli. Feni ya kondensa (rejeta ya AC inayopoza gesi) isiyozunguka, mapezi ya kondensa yaliyojaa tope, au klachi ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) isiyopata umeme, yote huleta joto ndani ya gari ilhali gesi imejaa. Klachi inayonasa na kuachia kila baada ya sekunde chache ndiyo dalili ya kawaida ya upungufu wa gesi.

Uvujaji hutafutwa kwanza kwa macho. Gesi inapotoka huondoka na oili kidogo, na vumbi hushika kwenye oili hiyo, kwa hiyo kiungio chenye doa jeusi la mafuta kinastahili kuchunguzwa kabla ya vingine. Paka maji ya sabuni kwenye viungio, kwenye nozeli, na pale shafti ya kompresa inapotokea, ukiangalia mapovu. Mfumo ukiwa mtupu kabisa, mafundi hutia nitrojeni kavu ili upatikane msukumo wa kufanyia uchunguzi. Hewa ya kompresa ya matairi haifai, maana imebeba unyevu. Oringi zilizochakaa zibadilishwe na kupakwa oili ya AC kabla ya kufungwa, na draya ibadilishwe kila mfumo unapokuwa umekaa wazi.

Hatua inayorukwa mara nyingi ni kuvuta vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote uliomo kwa pampu, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha kazi itakayodumu na ile itakayorudi. Maji yaliyobaki ndani huungana na gesi na oili kutengeneza asidi inayokula vyuma, na yanaweza kuganda kwenye valvu ya kupanulia (njia nyembamba ambapo gesi hupanuka na kupoa) na kuziba njia. Unganisha geji (vipimo vya presha vyenye mipira mitatu na valvu mbili), mpira wa buluu upande wa presha ndogo, mwekundu upande wa presha kubwa na wa njano kwenye pampu, kisha uvute hadi sindano ifike karibu na inchi 29 za zebaki, kiwango ambacho maji huchemka kwa joto la kawaida la mchana na kutoka kama mvuke. Iache pampu ifanye kazi kwa nusu saa au zaidi, ufunge valvu zote mbili, uzime pampu na usubiri nusu saa nyingine. Sindano ikipanda kuelekea sifuri, rudi kutafuta uvujaji.

Wakati wa kujaza vaa miwani na glavu, kwa kuwa R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri na hugandisha ngozi na macho papo hapo. Fungia kopo kwenye mpira wa njano, toa hewa iliyomo kwenye mpira huo, uweke kopo likiwa limesimama juu ya mizani, na ufungue valvu ya buluu ili vakyumu ivute gesi ya kwanza injini ikiwa imezimwa. Kisha washa injini, weka AC kwenye baridi ya mwisho na milango wazi, na uendelee kujaza taratibu kupitia upande huo wa buluu tu. Valvu nyekundu isifunguliwe injini ikiwa inawaka, kwani presha ya kompresa ikirudi kwenye kopo italipasua. Kopo lisigeuzwe chini juu pia, kwa sababu gesi ikiingia kama kimiminika inaweza kuvunja kompresa.

Acha kujaza mizani inapoonyesha kuwa kopo limepungua kwa uzito wa kibandiko, au kwa asilimia 80 hadi 90 yake kama gari limebadilishwa kutoka R-12. Geji hazipimi kiasi cha gesi; zinasaidia kuthibitisha tu, na katika siku ya joto la wastani upande mdogo husoma takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 25 hadi 45 na mkubwa psi 150 hadi 250. Kuzidisha hakuongezi baridi, bali hupandisha presha na kuielemea kompresa. Pima kwa kipimajoto hewa inayotoka kwenye dashibodi: nyuzi 4 hadi 10 ni matokeo mazuri. Ondoa mipira, paka maji ya sabuni kwenye nozeli kwa mara ya mwisho, na urudishe vifuniko vyake, kwa sababu kwenye gari la zamani kifuniko chenye oringi nzima ndicho kinachozuia gesi pale valvu ndogo ya ndani inapokuwa imelegea.