Mshahara mmoja kwa watu sita: nilivyofanya kwenye tanuri langu

Kabla ya kuwaahidi wafanyakazi wako kwamba wote watalipwa sawa, andika kila mtu anapata nini, na uandike ukweli. Nina tanuri la mikate Ngamiani, Tanga. Karatasi yangu ilikuwa hivi: fundi wa tanuri 420,000, wakanda unga wawili 300,000 na 260,000, kijana wa kupeleka mikate kwa baiskeli 220,000, binti wa kufunga mikate 200,000. Wa sita, mtoto wa dada yangu, sikumwandika. Anakula kwangu, analala kwangu, nikaona huyo ni wa nyumbani. Dada ndiye aliyenipigia: "Na mwanangu unamlipa nini?" Basi anza na ndugu zako. Hapo ndipo wengi tunapojificha.

Halafu usifanye nililotaka kufanya mimi, kujumlisha 1,400,000 na kugawa kwa sita. Inatoka 233,333. Kumpunguzia mtu mshahara bila ridhaa yake hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, nani angekuja saa nne usiku kuwasha tanuri? Walio chini ndio wapande. Fundi nilimwita peke yake kabla ya kikao cha wote: "Mzee wangu, wewe utakaa hapo ulipo mpaka wenzako wakufikie." Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Na wakishanifikia?" Nikamwambia mtapanda pamoja. Akarudi kazini.

Nilipanga ngazi tatu: 300,000, kisha 360,000, kisha 420,000, miezi sita kati ya ngazi na ngazi. Ya kwanza ina nafuu yake. Ukikata asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inabaki 270,000, na kodi ya mshahara huanza juu ya hapo, kwa hiyo mtu asiye na posho hakatwi kodi. Wewe mwajiri unaongeza 30,000 ya NSSF na 1,500 ya mfuko wa fidia, WCF. Kila kichwa kinakugharimu 331,500. Kwenye 420,000 kodi inaingia: 8,640, mtu anaondoka na 369,360. Waonyeshe hesabu hiyo mapema, la sivyo siku ya mshahara utaitwa mwizi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kuwalipa sawa mwoka mikate na mfunga mikate ni uamuzi wangu mwenyewe. Ila usiku una posho yake, na posho hiyo haivunji usawa: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila saa inaongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Kwa 300,000 hiyo ni kama shilingi 77 kwa saa. Niliona aibu, nikaweka 2,000 kwa usiku mzima. Anayetaka hiyo elfu mbili aje zamu ya usiku, mlango uko wazi.

Fedha zilitoka wapi? Nyingine kwenye mikate iliyokuwa ikirudi kutoka madukani. Kijana wa baiskeli alipopandishwa alianza kunibishia: duka hili lipewe sita, si kumi. Marejesho yakashuka kutoka mikate 25 kwa siku hadi 8. Alikuwa akijua siku zote, hakuwa na sababu ya kusema. Nyingine nilizipata kwa kuacha kukopesha maduka mawili sugu.

Mwisho, angalia fedha za katikati ya mwezi, zile mtu anazochukua kabla ya siku ya mshahara. Nilikuwa nikimpa fundi laki, binti nikimwambia hakuna. Sasa kikomo ni 50,000 kwa kila mmoja, daftari liko stoo, kila anayechukua anasaini. Mtoto wa dada naye anachukua, na anasaini kama wenzake.